Kikanda Kilichokataa Kushika

Mpaka leo mtu akinisifia mapishi yangu nakasirika kidogo. Kuna siku moja nilitaka chakula changu kiwe kizuri kuliko siku zote, na siku hiyo kilikataa.

Tulikuwa wanawake watatu, waimbaji wa kwaya moja ya parokia, wake wa wafanyakazi wa kampuni ya madini, na tuliishi kwenye kampi moja, mtaa wa nyumba za kampuni, hapa Likasi, Katanga. Mkubwa wetu tulimwita yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai zamani, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na hiyo Kasai alikuwa hajawahi kuiona. Wa pili tulimwita mama wa mapasa, kwa sababu alizaa pacha. Kwao ni kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele. Mimi mama yangu alikuwa mtu wa upande wa Luapula, na ni yeye aliyenifundisha kupika kikanda.

Jumapili baada ya misa tulikula kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kwa mama wa mapasa tulikula samaki waliokaushwa kwa moshi, kisha wakalainika katika mchuzi wa karanga. Kwa yaya tulikula matamba, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa na mawese mpaka unasahau kwamba ni majani. Kwangu walikula kikanda. Ni mizizi midogo ya mviringo, inachimbwa porini kwenye mabonde yenye maji. Unaikausha, unaitwanga, unaichanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, unakoroga juu ya moto mpaka mkono unauma, kisha unaweka makaa juu ya kifuniko. Kikishika, unakikata kwa kisu kama nyama. Yaya alikuwa anakuja jikoni kwangu kuiba kipande kabla hakijapoa.

Kubadilishana mapishi ndiyo ilikuwa taabu. Mama wa mapasa ukimuuliza karanga zinaingia kabla ya nyanya au baada yake, anajibu, "Ni mukono tu." Yaya alikuwa mwepesi wa kueleza, lakini alieleza kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiluba kwa wakati mmoja, na alipomaliza kusema sufuria ilikuwa tayari imefunikwa. Mimi nilieleza polepole, kwa utaratibu. Hakuna aliyesikiliza. Walikuwa wanakula.

Halafu kampuni ikaanza kuchoka. Gunia la unga walilopewa wafanyakazi kila mwezi likawa nusu gunia, nusu ikawa ahadi. Mishahara ikachelewa mpaka watu wakaacha kuiulizia. Jambo lililoniudhi zaidi ni milango. Zamani kwenye kampi yetu mtu alikula mlango wazi, na anayepita alikaribishwa. Sasa ukipiga hodi saa ya chakula unasikia sahani zinahamishwa ndani, na mwenye nyumba anatoka anajifuta mdomo, anakuambia hapa hawajapika bado.

Nilikataa Jumapili zetu zife. Niliwasumbua wenzangu, nikawafuata mpaka majumbani mwao. Walikuja, lakini ilikuwa ni kujilazimisha. Mama wa mapasa alileta mchuzi ambao samaki alikuwa amepita tu ndani yake. Siku nyingine ni yaya aliyepika, na matamba yake yalikuwa meusi, makavu.

"Yaya," nikamuuliza, "ii matamba iko na nini?"

"Iko na maji," akajibu.

Tukacheka. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nisijue nimemkasirikia nani.

Baada ya hapo yakaja maneno ya barabarani, kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwanza walisema vijana, kisha wakasema na watu wazima niliowaheshimu. Mume wa yaya akaambiwa asirudi kazini. Mawe yakapigwa juu ya bati lao. Asubuhi moja nilipita nikaona mwanamke nisiyemjua anafagia kwenye mlango wa yaya, anafagia kwa bidii kama mwenye nyumba.

Mama wa mapasa ndiye aliyeniletea habari. "Balienda ku gare," akasema, maana yake stesheni. "Beko banalala chini, banangoya treni."

"Basi tubapelekee chakula."

"Weye unapenda batuone? Bwana yangu anasema tusikaribie kule hata kidogo."

"Ni yaya!"

"Minye najua ni yaya!" akanipigia kelele, machozi yakamtoka. Kisha akafungua ncha ya kitenge chake, akanipa karanga zote alizokuwa nazo, akaondoka bila kuaga.

Nikaamua kumpikia yaya kikanda. Kila kitu kikanipinga. Mizizi niliyoipata sokoni ilikuwa ya zamani, imejaa mchanga, nikaiosha mpaka maji yakaniishia. Magadi hayakuwepo, nikachuja majivu ya maganda ya maharage kama alivyofanya mama yangu, lakini sikujua yeye alichuja kiasi gani. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nikapikia kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na makaa yenyewe yalikuwa mabichi, yanatoa moshi bila moto. Nikakoroga. Nikaongeza karanga. Nikakoroga tena. Uji ulibaki uji. Nikaweka makaa juu ya kifuniko, nikangoja, nikafunua. Juu kulikuwa na ngozi ngumu, chini kulikuwa na uji ule ule. Nililia pale jikoni kama mtoto, na haikuwa moshi.

Hata hivyo nilikibeba. Karibu na stesheni vijana walikuwa wamefunga njia. Mmoja akafunua kapu langu, akachovya kidole, akaonja, akatema chini.

"Mama, weye haujue kupika," akasema. "Pita."

Nilipita. Nilipaswa kushukuru, lakini hatua chache mbele nilitaka kurudi nimwambie kwamba magadi hayakupatikana.

Stesheni ilikuwa kampi nyingine. Watu walikuwa wametandika mikeka chini ya vipande vya plastiki, katikati ya masanduku, cherehani, hata milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao ili wasiwaachie wengine. Yaya nilimkuta kando ya ukuta, sufuria yake iko juu ya mawe matatu. Alikuwa amekonda usoni. Aliponiona alipiga makofi.

"Ulikuya! Ikala chini, ukule kwanza."

"Yaya, minye njo nilikuya kukulisha weye."

"Utanilisha kisha. Ikala."

Akaniwekea tonge la bukari, ugali wetu, na matamba kidogo. Watoto wake walikuwa wanatazama. Nilikataa, akasukuma sahani. Nilikataa tena, akanikazia macho, nikaona kwamba nikiendelea nitamwondolea kitu cha mwisho alichobaki nacho, yaani kumkaribisha mgeni kwake. Nikala. Alikuwa amepata mawese, sijui wapi, na yale matamba yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kutupikia kampini. Hilo nalo lilinikasirisha.

Kisha akafungua cha kwangu. Akaonja, akafumba macho.

"Haikushika," akasema.

"Najua."

"Ulikosa magadi?"

"Nilikosa yote."

Akacheka mpaka watu wa mikeka ya jirani wakageuka. Akaomba kijiko, akawagawia watoto wake na wa majirani, akawaambia, "Mukule, ni uji ya Luapula." Mume wake, aliyekuwa amelala anaumwa homa, aliinuka akala vijiko viwili, akanishukuru kwa heshima, akalala tena.

"Sasa unielezee ginsi ya kuipika," yaya akaniambia. "Mara hii ninasikia."

Miaka yote ile ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza na kunyamaza. Nikaanza na mizizi, namna ya kuichagua. Sijafika kwenye karanga, mlinzi wa stesheni akaja na fimbo yake, akasema wageni watoke, wote, sasa hivi. Tukasimama.

"Nitarudia na ile ya muzuri," nikamwambia.

"Kuya," akasema.

Nilihangaika kutafuta vitu vizuri. Magadi yalipatikana kwa mwanamke mmoja kwenye njia ya kwenda Buluo, mizizi mipya akaniletea mtu kutoka porini. Mama wa mapasa akaja kunisaidia kutwanga, bila kumwambia mume wake. Tulikoroga kwa kupokezana. Kikanda kikashika. Kilikuwa cha rangi ya udongo mwekundu, kisu kilipita bila kuvunja hata ncha. Tulikitazama tu.

Tukaenda sote wawili. Yeye alijifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Kando ya ukuta tulikuta masizi na mawe matatu. Treni ilikuja alfajiri, mlinzi akatuambia, nayo haikutoa habari kabla.

Mama wa mapasa alikaa chini pale pale kwenye masizi. Mimi nilitaka kulirusha kapu relini. Lakini kulikuwa na wengine waliofika usiku, nao wanangoja treni yao, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anakitazama kisu tulichokileta kapuni. Tukawakatia. Wakala. Mwanamume mmoja akauliza ni nyama gani hii, na mimi, niliyetaka miaka yote kueleza, sikuwa na hamu ya kueleza.

Mama wa mapasa alirudi kwao ziwani mwaka uliofuata, mume wake alipochoka kungoja mshahara. Mimi nilibaki, nikauza mandazi mbele ya nyumba. Habari za yaya nilizipata muda mrefu baadaye, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka chumvi Kasai. Alisema mume wa yaya alifia njiani, ndani ya behewa, wakamzika kwenye kituo ambacho mfanyabiashara huyo hakujua jina lake. Yaya na watoto walifika. Watu wa kule wanamwita mwanamke wa Katanga, wanamcheka akisema.

Nikamuuliza kama yaya amenona au amekonda. Akasema hakuangalia.

"Lakini ulikula kwake?"

"Ndiyo, mama. Alinikaribisha vizuri."

"Alikupikia nini?"

Akafikiri. Aliinua mfuko wake wa chumvi, akauweka begani.

"Chakula tu, mama," akasema.