Kaka zangu wanataka kumfukua mama

Jina la mtumaji tunalo, ila ameomba lisitajwe, na majina ya ndugu zake ameyabadili mwenyewe. Someni mpaka mwisho ndipo mseme.

Salamu wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamke wa Kigogo, mjane, umri wangu unakaribia miaka thelathini. Naishi upande wa Mlali, katika nyumba ya tembe aliyoiacha baba, pamoja na kaka zangu wawili na wake zao. Mnisamehe mkiona naandika kwa hasira. Mkono wangu wa kushoto umevunjika, na aliyeuvunja amelala chumba cha pili anakoroma.

Kaka mkubwa, nimwite Yohana, ni msomaji, yaani mwanafunzi wa dini, katika misheni ya Waingereza. Anayemfuata, nimwite Aloisi, alibatizwa na mapadre. Tangu hapo wakawa wananyimana hata chumvi. Yohana alisema mapadre wanaabudu sanamu, Aloisi akasema Waingereza ni waasi, mimi nikawauliza mbona ng'ombe wanawachunga pamoja. Nikaambiwa ninyamaze, mambo ya dini si ya jikoni.

Mama alipougua alizikataa dini zote mbili, mpaka siku aliyoona anakufa. Asubuhi Yohana alimleta mwalimu wake, mama akabatizwa. Mchana, Yohana akiwa machungani, Aloisi naye akammwagia maji kwa mkono wake, maana kwao muumini yeyote aweza kumbatiza anayekata roho. Nilimuuliza mama kwa nini amekubali mara mbili. Akasema, "Wote nimewazaa mimi. Nimnyime yupi?" Alifariki kabla ng'ombe hawajarudi.

Kesho yake walikuja watu wa misheni zote mbili, kila kundi na machela yake ya kumbebea maiti. Maneno yalikuwa machache. Yohana alishika miguu ya mama, Aloisi akashika mabega, wakavutana mpaka sanda ikapasuka na mama akaanguka kwenye samadi. Hapo Aloisi alichukua rungu akampiga kaka yake mdomoni, meno yakamwagika. Yohana akamchoma mkuki pajani. Wengine nao wakaingia, watu waliokuja na rozari na vitabu vya nyimbo, wakapasuana vichwa mbele ya marehemu. Mtu mmoja wa upande wa mapadre alitobolewa jicho, na mwalimu wa Yohana alivunjwa mbavu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Askari wa boma walikuja wakawafunga kaka zangu shingoni kwa mnyororo mmoja. Kwa Bwana Shauri, Mjerumani anayeamua kesi bomani, hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Kila mmoja alichapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha wakapelekwa kuvunja mawe ya barabara.

Maiti ikabaki kwetu wanawake, na jua halisubiri. Mimi na wifi zangu wawili tukachimba kaburi zizini, walipolala wazee wetu, kazi ambayo kwetu ni ya wanaume. Tukasali Baba Yetu. Mke wa Aloisi alimaliza mapema, kama mapadre wanavyofundisha, akainamisha kichwa akimsubiri mke wa Yohana amalizie "kwa kuwa ufalme ni wako", kisha wote tukasema amina. Halafu tukawapitisha ng'ombe juu ya kaburi kama ilivyo desturi, wakakanyaga mpaka pakafanana na penginepo. Zizi ni pana, na wanaojua mahali hasa alipolala ni sisi watatu tu.

Kaka zangu wamerudi na migongo yenye makovu, nikadhani mnyororo umewafunza. Wapi! Kila mmoja anataka kumfukua mama ampeleke kwenye makaburi ya misheni yake. Waliwapiga wake zao, hawakusema. Yohana akaniuliza mimi, nikanyamaza, akanivunja mkono kwa fimbo ya kuchungia. Aloisi alikuwa amesimama pale akitazama. Baadaye alinijia kwa upole akasema, "Nionyeshe mimi, dada, nami nitamuua huyu kwa ajili yako." Niliogopa upole huo kuliko fimbo.

Wifi zangu wanasema tuvumilie, lakini mmoja uso umevimba hata haoni njia ya kisimani. Nikiwaonyesha kaburi, watauana juu yake. Nikinyamaza, mmoja wetu watatu atakufa, na nadhani ni mimi.

Najua gazeti hili husomwa kwa sauti katika misheni zote mbili baada ya ibada. Kaka zangu watakuwa wamekaa humo, kila mmoja na watu wake, na kabla msomaji hajafika hapa watakuwa wamejua ni mimi. Kwa hiyo msinijibu kwa barua. Inukeni sasa hivi, watu wa pande zote mbili, mfike hapa kabla yao. Na kama hata kwa hili hamwezi kuja pamoja, basi nishaurini, nifanye nini?