Sindano ya Mkono wa Kulia

Haya jamani, sogeeni, nanyi mliosimama mlangoni ingieni mkae. Mwenzenu nishachomwa msumari mrefu kama nguzo ya stima!

Nilikuwa hapa Junda, napasua mbao za kukokea moto. Ukanipenya wayo, wallahi nikausikia gotini. Na kesho yake kuna harusi Magogoni, mpishi wa pilau ndimi. Mke wangu akanikokota mpaka zahanati.

Nesi, binti mdogo, akanambia, "Mzee, toa mkono wa kushoto."

"Hasha! Mwanangu, kushoto ndio wa kutawadhia chooni. Kitu cha heri hakipiti huko. Dunga kulia."

"Utakuuma."

"Dunga!"

Akadunga.

Asubuhi bega limefura kama fenesi. Mkono hauinuki hata kujikuna. Nikamrudia nesi, nachechemea. "Umenitia sumu wewe!"

"Naam," akasema, hana wasiwasi. "Vijidudu vya mchangani hutoa sumu, ikakaza taya na mgongo. Ndiyo pepopunda. Niliyokudunga ni sumu hiyohiyo, ila imeng'olewa meno. Chembe nyeupe za damu zinaionja, zinalijua umbo lake, kisha zinaifulia pingu za kuitosha hiyo tu. Siku ikija yenye meno, inafungwa kabla haijakugusa mshipa. Sasa zimejaa hapo begani kazini, ndio uvimbe."

"Na hazikuona pengine pa kukutania?"

"Si wewe uliyeziita kulia?"

Nikaenda zangu Magogoni. Sufuria lenyewe ndovu angeoga na wanawe. Nikashika mwiko kwa kulia, wapi! Nikauhamishia kushoto, kina mama wakapiga ukelele: "Aka! Pilau ya mkono wa kushoto ataila nani?"

Nikawaeleza habari ya sindano, hawataki kusikia. Wageni wako njiani, mchele unataka kushika chini, na jina langu la upishi linaungua nao. Mke wangu akanipokonya mwiko. Mimi nikakaa kwenye benchi, natoa amri: "Punguza moto! Geuza! Tia bizari!" Hakusikiza hata moja.

Watu wakala, wakalamba vidole, nusura walambe na mikeka. Mimi nimejituliza pembeni, napokea pongezi kwa mkono mmoja, raha mustarehe. Mara mamake bwana harusi, ambaye hajakosa harusi niliyopika mtaani kwetu, akapaza sauti mbele ya watu wote:

"Jamani, huyu kila harusi adungwe sindano!"