Dawa za Mzee Geng

Mzee Geng Baoshan alikuwa fundi wa vigae kijijini Gansu, mtu wa maneno machache. Alihamia jijini Lanzhou, kwenye chumba cha uani nilichompangisha, kwa sababu chuo kilimwambia mwanawe Yulin, aliyeugua huzuni kali, kwamba ataendelea na masomo ikiwa tu mzazi ataishi naye nje ya bweni. Mtu anaumwa, nao wanamtenga na wenzake! Mimi nilifoka. Mzee aliweka mizigo chini akauliza bomba la maji liko wapi.

"Mama Qiao," aliniambia siku hiyohiyo, "watu wakiuliza, sema mgonjwa ni mimi."

"Mgonjwa wa nini?"

"Wa akili. Kijana ananiuguza. Mimi nimeshazeeka, jina langu likichafuka si neno."

Akaigiza kweli. Kila asubuhi alikaa mlangoni, akafungua kichupa, akameza kidonge cha vitamini watu wote wakimwona. Majirani waliokuwa wakicheza karata pale wakahama. Watoto walimwita Babu Kichaa, naye akawatolea ulimi. Wanafunzi wenzake Yulin walikuja na machungwa, wakamsifu kwa kumuuguza baba yake.

"Wewe ndiye mtoto wa kweli, bwana! Sisi hata simu hatupigi nyumbani."

Yulin alicheka nao, kisha akameza dawa zake nyuma ya pazia. Mzee aliwapikia tambi, akala peke yake jikoni ili asiwaharibie raha. Hakuwa na wa kuongea naye ila mimi, na mimi nina ulimi mkali.

Aliyekuja zaidi ni Lou Jing, mchumba wa Yulin. Mzee alimwekea Jing minofu mikubwa ya nyama.

Baridi ilipokaza, Jing aliingia siku moja bila kuvua koti.

"Yulin, mama amekataa. Anasema wazimu wa baba hurithiwa na watoto, na yeye anataka wajukuu wazima. Samahani, Mzee."

"Lakini mimi mzima!" Mzee akaropoka. "Binti yangu, sijawahi kuumwa hata..."

 Niliona amekumbuka. Yeye akiwa mzima, dawa ni za nani?

"Hata nini, Mzee?"

"Nina nafuu. Nafuu kubwa sana."

Jing alimtazama kwa huruma. Yulin akasimama.

"Baba, basi. Jing, mgonjwa ni mimi. Baba amejiita kichaa ili nyinyi mnipende."

"Ungeniambia," Jing alisema, akaondoka. Haukupita muda darasa zima likajua, na wageni wakakoma.

"Kwa nini umesema?" Mzee alilia. "Ulikuwa na wenzako!"

"Hawakuwa wenzangu, Baba. Walikuwa wa yule kijana uliyemtunga."

Mzee akaingia jikoni kuosha mabakuli. 

Majirani nao wakapata habari. Asubuhi moja walimwona Mzee akichota maji, wakamchangamkia.

"Kumbe u mzima, Mzee Geng! Umetuchezea kweli. Njoo tupige karata."

Muda wote ule hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina. Alisimama na ndoo yake, nikaona jinsi alivyotamani kwenda.

"Mwanangu yuko ndani," alisema, akaingia, akafunga mlango.