Tarumbeta za Saa Moja Jioni

Katika kituo kidogo cha redio ninakofanya kazi hapa Isiolo, matangazo ya jamii yalifunguliwa kwa muziki mmoja tangu siku ya kwanza: bendi kubwa ya zamani, tarumbeta na saksafoni tele, kutoka kwenye santuri iliyojaa mikwaruzo. Aliyeileta hatukumjua. Haikuwa na maneno, wala haikuhusu chochote cha huku. Lakini ikilia saa moja jioni, watu malishoni walinyamaza, kwa kuwa baada yake yalifuata majina: fulani amelazwa, fulani amejifungua, ngamia wa fulani ameonekana karibu na Merti.

Baba yangu alilisha ng'ombe mbele ya Kipsing, ambako simu haishiki mtandao. Redio yake ya betri ilikuwa imevunjika mshale wa kuonyesha stesheni, kwa hiyo kila jioni alizungusha kitufe mpaka apate zile tarumbeta, akakiacha hapo. Wazee wengi hufanya hivyo. Mimi nilijua. Nimekua nikimwona.

Hata hivyo niliitoa santuri ile. Mikwaruzo ilinichosha, na vijana wa mtaa wa Bulla Pesa walinicheka kwamba redio yetu inanuka uzee. Nikatengeneza muziki mpya kwenye kompyuta, ngoma nzito na kinanda, na mkubwa wangu akasema ni sawa. Nilijisifu wiki nzima, mpumbavu mimi.

Wiki iliyofuata mama alilazwa, mapafu yamejaa maji. Alikuwa na ombi moja tu.

"Mwambie babako akuje."

Niliandika tangazo mwenyewe, likasomwa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ningeweza kumtuma mtu wa pikipiki. Sikumtuma, kwa sababu redio yetu haikuwa imewahi kumkosa baba. Kila jioni nilimwambia mama, "Amesikia, yuko njiani," naye kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa. Alfajiri ya siku ya nne mlango ulifunguliwa na hakukigeuza. Tulimzika kabla ya adhuhuri, kama ilivyo desturi yetu.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu amehamia nyumbani kabisa, na hana nia ya kuondoka.

Habari ilimfikia baba kwa dereva wa pikapu aliyepita malishoni. Alifika kesho yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitoka makaburini, akaketi mkekani karibu nami, redio ikiwa bado inaning'inia begani.

"Mimi niliwasha kila siku," alisema. "Nikazungusha hiyo kitufe. Nikapata watu wanapiga ngoma, nikajua hao si wetu, nikapita. Nikatafuta tarumbeta mpaka betri ikaisha nguvu. Kwani ilienda wapi?"

"Ilitolewa, abba."

"Nani alitoa?"

Niliutazama mkeka. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka.

"Wakubwa," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza, angenipiga ningeshukuru. Alivua redio begani, akaiweka katikati yetu.

"Wewe unafanya kazi huko," alisema. "Siku moja ukipata huyo mtu, usigombane na yeye. Mwambie tu mimi nilikuwa nimewasha."