Kichwa cha Treni na Kichwa cha Kijana

Mkoani kwetu hakuna reli. Mara ya kwanza kupanda treni nilikuwa na miaka ishirini, nikienda chuo cha ualimu: meli kutoka Bukoba hadi Mwanza, kisha siku mbili katika behewa la daraja la tatu, nimekalia sanduku langu la bati kwa sababu kiti nilimwachia mama mwenye mapacha. Sikumbuki kama nilifurahi. Nakumbuka nilikuwa nahesabu maungio ya reli kwa mlio wake, nikapoteza hesabu mara nyingi, nikaanza upya.

Sasa nimestaafu. Nilifundisha uchoraji wa kiufundi Bukoba mjini miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, halafu nikarudi Kamachumu kwenye kibanja cha baba yangu. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, na kwetu mtoto wa kiume hukirithi, hakiuzwi hovyo, maana waliotutangulia wamezikwa humo humo kati ya migomba. Mtu aliyeishi kwa rula akiwekwa kwenye shamba la migomba anateseka. Hakuna mgomba hata mmoja uliosimama kwenye mstari.

Siku moja nilishuka Bukoba kununua miwani, nikarudi na treni. Ilikuwa ndani ya boksi lililokunjamana kwenye kibanda cha mitumba karibu na soko: kichwa kimoja cha rangi ya kijani, mabehewa manne, vipande vya reli nyembamba kama njiti, na kifaa cha kupunguzia umeme. Muuzaji ni mtu wa mjini ambaye wazee wake walitoka pwani, na maneno ameyarithi yote.

"Mwalimu, chukua," aliniambia. "Treni imekamilika hii. Imepungukiwa Tabora tu."

Mke wangu ni wa Nshamba, na yeye maneno hakuhitaji kuyarithi kwa mtu. Aliangalia ndani ya boksi, akauliza treni inakwenda wapi. Nikamwambia haiendi popote, inazunguka.

"Basi mmepatana," akasema, akarudi jikoni.

Nyumba yetu ina chumba kidogo nyuma, mita mbili na nusu kwa mita tatu. Nilikipima mara mbili, nikakichora kwa kipimo cha moja kwa kumi, na mlango na dirisha nikaviweka mahali pake. Vipande vya reli vilivyopinda vikiungwa vinatoa duara la karibu mita moja, kwa hiyo meza ya plaiwudi ya futi nne kwa nane ingetosha kabisa: njia mbili, stesheni ndogo, na sehemu ya kubadilishia mabehewa. Ilikuwa ramani nzuri. Niliipeleka jikoni kwa fahari ya mwanafunzi aliyemaliza mtihani kabla ya wenzake.

Mke wangu aliitazama muda mrefu. "Kitanda kiko wapi?"

Nikasema kitanda nimekitoa.

"Kitanda hakitoki."

Hapa inabidi nieleze. Kitanda kile cha futi tatu na nusu ni cha mtoto wetu, wa pekee wa kiume. Miaka sita iliyopita, akiwa mwaka wa pili chuo kikuu, alikuja likizo, nikampeleka shambani kumwonyesha mpaka wa kibanja, mti kwa mti, kama baba yangu alivyonionyesha mimi. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Tata, mimi sitarudi kulima migomba. Ukichoka, uza." Tulikuwa tumesimama hatua chache kutoka kaburi la babu yake. Nilimjibu kwamba kama kibanja hakimfai, basi na kitanda hakimfai. Kesho yake asubuhi alipanda basi, na tangu siku hiyo hajafika. Kila Jumapili baada ya misa huongea na mama yake kwa simu, mimi nikiwa uani nageuza kahawa ambayo haijahitaji kugeuzwa.

Mke wangu hajanilaumu kwa siku ile ila mara moja, kwa methali: mwana akinyea kiganja, hakikatwi. Nikamjibu kwamba sikukata, aliondoka mwenyewe. Hilo nililiamini miaka kama minne hivi.

Kwa hiyo kitanda kikabaki, nami nikachora upya. Bila meza, reli ingepita kwenye rafu inayozunguka kuta zote nne, na mlangoni kipande cha kunyanyuliwa ili mtu aingie. Tatizo likawa kwenye kona. Treni haikati kona kama baiskeli, inataka nafasi ya kupinda, hivyo kila kona rafu inajaa na kutokeza mbele. Kona mojawapo ilikuwa juu kabisa ya mto wa kitanda. Anayelala pale akiamka na kukaa ghafla, atakutana na ubao.

Nikapata wazo ambalo mtu wa Kamachumu peke yake angelipata. Rafu iwe juu upande wa kitanda, iteremke taratibu hadi upande wa mlango, kisha ipande tena. Sisi barabara zetu zote ni hivyo. Kutoka ziwani hadi kwetu ni kupanda tu, na lori likishindwa utingo anaruka na jiwe la kuzuia gurudumu. Nilijaribu kwa ubao uliopachikwa juu ya vitabu, mezani. Kichwa cha treni kilipanda kidogo, magurudumu yakazunguka bure, kikarudi nyuma na mabehewa yake.

"Kiwekee jiwe," mke wangu akasema.

Reli siyo barabara, inataka tambarare au mwinuko mdogo mno. Hilo nilikuwa nimelifundisha darasani, na bado nilichora kama mtu ambaye hajawahi kuona reli. Maana yake rafu yote iwe na kimo kimoja, na kimo hicho kitaamuliwa na kona ya juu ya mto. Sasa kulikuwa na vichwa viwili vya kupangia, kichwa cha treni na kichwa cha kijana.

Hesabu ilikuwa rahisi. Godoro liko sentimita hamsini na tano kutoka sakafuni. Mimi nikikaa juu yake nafika mia na arobaini. Rafu ikizidi mia na hamsini siyaoni magurudumu, na treni usiyoyaona magurudumu yake ni boksi linalotembea. Kwa hiyo nilihitaji kujua jambo moja tu, mwanangu akikaa anafika wapi.

Nikasema analingana na mimi. Mke wangu akasema amenipita sana, alikuwa anainama akiingia jikoni. Nikasema alikuwa anachungulia sufuria. Akaniletea picha kwenye simu yake, nyingi, lakini zote zinaishia kifuani: kijana mwenye ndevu, nyuma yake ukuta mweupe. Nilizipitisha moja moja kutafuta kitu cha kulinganishia, swichi ya taa au kitasa cha mlango, na katika kutafuta huko nikatambua kwamba ndevu zile nilikuwa sizijui. Niliona aibu. Nimewapimia watoto wa watu madawati yao, wangu sijui kimo chake. Na nilimkosa. Naandika hivyo bila kuongeza chumvi.

Nikamwomba mke wangu amuulize Jumapili.

"Mchoraji ni nani?" akasema. "Uliza mwenyewe."

Jumapili iliyofuata nilikuwa mezani na ramani yangu, yeye ameketi kwenye mkeka anamenya ndizi za mchana. Alinyanyuka, akafuta mikono kwenye kanga, akaja kuweka simu juu ya mchoro wangu. Ilikuwa inaita tayari. Akarudi kwenye ndizi zake.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema.

"Siyo mama yako. Ni mimi."

Nilisikia magari ya Dar es Salaam, anakoishi.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Nina swali la kipimo."

"Kipimo?"

"Ukikaa kitandani umeegemea ukuta, kutoka kwenye godoro hadi utosini ni sentimita ngapi?"

"Tata, unaumwa?"

"Siumwi. Naweka rafu juu ya mto wako."

"Mto wangu upo?"

"Uende wapi? Upo." Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya treni, duara na kona, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine. "Sitaki ukija ugonge kichwa."

Akasema, kwa sauti iliyobadilika, "Subiri nitafute futi kamba."

Nikasubiri. Droo ilifunguliwa, kitu kikaanguka. Nikamsikia anaelekeza mtu: "Shika hapo chini. Hapana, kwenye godoro." Halafu sauti ya mwanamke ikasoma, polepole, kama anayesoma kwa mara ya kwanza, "Tisini na saba."

Nikamtazama mke wangu. Hakushangaa. Aliinamia ndizi zake na kuzimenya kwa bidii ya mtu mwenye siri.

Tisini na saba na hamsini na tano ni mia na hamsini na mbili, na bado unene wa ubao. Nitalazimika kupanda kigoda nione treni yangu. Nikaandika namba kwenye pambizo.

"Umeipata, Tata?"

"Nimeipata. Huyo aliyeshika futi, mpime na yeye."

Nikasikia minong'ono, kicheko kilichozuiwa, kitanda kikilia. Mwishowe simu ikashikwa na mtu mwingine.

"Themanini na sita," akasema yule mwanamke, kwa lafudhi ya pwani. Kisha akaongeza, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. Nikaandika themanini na sita chini ya tisini na saba, nikachukua raba, nikafuta kitanda cha futi tatu na nusu na kuanza kuchora cha futi tano.