Kinu cha Mzee Breki

Mzee Breki aliendesha lori miaka yote bila kumpita mtu barabarani, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alipostaafu, mkewe, fundi cherehani, alimkabidhi kuku wa nyama waliokuwa nyuma ya nyumba, akiamini kazi hiyo haina kona kali.

Kona ilikuwapo. Muuza chakula cha mifugo aliacha kuleta cha unga, akaleta cha vidonge: mchanganyiko ule ule, ila umeshindiliwa kwa mashine. Mzee alitia kidonge kimoja mdomoni. Meno yake yalikwisha kumuaga zamani, kwa hiyo kidonge kikamzunguka ulimini kama gololi. Akawaonea kuku huruma, maana nao hawana meno. Basi mkewe akiinamia cherehani, yeye huku anatwanga vidonge kinuni, anavirudisha kuwa unga.

Mke aligundua aliposikia kuku wanapiga chafya kwa vumbi la unga, na mumewe anawaitikia. Hakugomba. Aligawa banda kwa ubao.

"Upande huu wangu, huo wako," alisema. "Twanga mpaka mikono iote sugu."

Kuku wa mke walimeza vidonge upesi, wakanywa maji, wakalala. Mzee akaenda kumpa mkewe habari kwa sauti ya msiba kwamba kuku wake wanaumwa. Akaambiwa wameshiba. Upande wake kulikuwa na pilikapilika kama sokoni. Kuku walichagua vipande vikubwa, wakaacha vumbi, wakamwaga chakula kingine kwenye maranda ya sakafuni, na kila walipokunywa, midomo yao iligeuza maji kuwa uji. Walishinda wakidonoa, na jioni bado wana njaa. Mzee akawasifu kwa uchapakazi.

Baada ya wiki kadhaa akaja muuza chipsi wa jirani kuchagua kuku. Alitazama upande wa mzee, akauliza kwa adabu:

"Mzee wangu, hawa vifaranga umewaleta lini?"

"Ni pacha wa hao wa upande wa pili," mzee akajibu, akiangalia pembeni.

Mteja alipoondoka, mzee alimshika kuku wa kila upande, mmoja huku, mmoja huku. Bega la mkono ulioshika kuku wa mkewe likashuka. Akasimama hivyo kitambo, kama mizani iliyokwama, kisha akaenda dirishani kwa mkewe.

"Mke wangu, hawa wangu nguvu zote wanamalizia kutafuta chakula."

"Ndiyo," mke alisema, akaendelea kushona.

Mzee akaung'oa ubao mwenyewe. Kuku wake hawakumuaga hata. Waliparamia vidonge, wakavimeza vizimavizima, wala hakuna aliyepaliwa. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote.

Siku hizi anawafundisha majirani kwamba kuku hali ili apitishe muda, hula anenepe, na kwamba yeye alilijua hilo mapema. Mkewe humsikia toka dirishani, uzi u mdomoni, akajizuia kucheka asije akaumeza.