Chapa ya Ngamia Anayecheua

Leo soko la mifugo Garissa nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Wazee wawili wanagombania ngamia. Chapa yake ya shavuni, alama ya ukoo wa mwenyewe, imefifia, haisomeki.

Mwenzangu wa ofisini, bingwa wa kila kitu, akasema kompyuta itaisoma. Zinapigwa picha kadhaa; kamera haisogei, taa tu ndiyo inahamishwa: kulia, kushoto, juu. Vivuli vitaumba upya kila mkwaruzo.

Sawa. Ila ngamia alikuwa anacheua.

Shavu la ngamia anayecheua, jamani, halitulii hata sekunde!

Picha ikatoka na chapa mpya kabisa, ya ukoo usiojulikana.

"Wallahi hii si yangu," akasema mzee wa kwanza.

"Hata yangu siyo," akasema wa pili.

Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu asubuhi.

Sasa bingwa anajisifu kwamba amewapatanisha. Nimpigie makofi?